Kifusi cha Dada

Hakuna kazi inayotaka kimya kama yangu, na hakuna mahali penye kelele kama shule ya bweni ya wasichana siku ya Jumapili. Ndoo zinagongana bombani, mtu anaimba, mtu anamwita mwenzake kutoka upande wa pili wa uwanja kana kwamba shule nzima ni viziwi. Nilisimama katikati ya kelele hizo, waya mrefu umelala miguuni pangu, nikimtazama dada yangu akija. Alikuwa anaburuza mguu wa kushoto kama kawaida yake, na kwa jinsi alivyouburuza nilijua amenuna.

"Ijumaa uliniambiaje?" akauliza kabla hajanifikia.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Ijumaa uliniambiaje?"

"Nilikwambia ardhi inaonekana ngumu."

"Ngumu. Nami nikawaambia walimu, nikawaambia wazazi, nikawaambia wafadhili. Kesho asubuhi wanakuja kuchukua ripoti. Leo unanirudia na nyundo. Nyundo ya nini tena, mdogo wangu?"

Dada ni mwalimu mkuu wa shule hiyo. Alinilea tangu mama yetu alipofariki, akanisomesha, na mpaka leo akinikuta mbele za watu huniweka sawa kola ya shati. Mwaka huu anastaafu. Kabla ya kuondoka alitaka jambo moja tu: bweni jipya la ghorofa tatu, kwa sababu katika lile la zamani wasichana wanalala wawili wawili, na vitanda vimebanana hivi kwamba wa kwenye kona hupita juu ya wenzake kwenda msalani. Wafadhili walikubali kujenga, ila walikuwa na shule nyingine inayosubiri. Kiwanja cha Dada kikikataa, jengo linakwenda huko. Hayo niliyajua vizuri, na ndiyo maana sikuwa nimepata usingizi.

Kazi yangu ni kupima kasi ya mitetemo ardhini. Tunachomeka vipokezi vidogo vyenye mkia kama msumari, tunavipanga mstari mmoja, na waya unaviunganisha vyote mpaka kwenye kompyuta. Sisi wenyewe tunaviita masikio. Kisha mwenzangu anapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa, na masikio yanasikia mtetemo ukipita chini yake. Katika ardhi ngumu mtetemo unakimbia, katika ardhi laini unatambaa. Ukiijua kasi, unajua kama ardhi hiyo itabeba ghorofa au itazama nayo.

Ijumaa tulisoma ule mtetemo wa kwanza kufika tu, kwa sababu ndio wa haraka kusoma na Dada alikuwa amesimama nyuma yangu akinihemea shingoni. Ulikuwa na kasi nzuri sana. Nikafurahi, nikasema neno "ngumu", naye akalibeba likaenda. Jumamosi nyumbani nikaiangalia tena ile mistari ya kwenye kompyuta kwa utulivu, chai ikapoa mbele yangu. Mtetemo ulianza na nguvu, halafu ukafifia kabla ya kufika masikio ya mwisho. Ardhi iliyo ngumu mpaka chini haifanyi hivyo. Hufanya hivyo ardhi yenye ukoko mwembamba juu ya kitu laini: wimbi linateleza juu ya ukoko, linafika mapema, linapokewa kwa shangwe, na halisemi chochote kuhusu kilicho chini yake.

Kuna njia nyingine ya kupima, ya kusoma yale mawimbi mazito yanayojivuta nyuma ya lile la kwanza. Yaliyo marefu zaidi yanagusa chini zaidi, na hayadanganyiki na ukoko.

"Nimekuja kuhakikisha tu," nikamwambia. Niliweka hilo "tu" kwa sababu niliogopa.

Dada alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi anayedai daftari limeliwa na panya. Kisha akawa mwalimu mkuu tena. "Unataka nini?"

"Kimya. Mtu akitembea tu, masikio yanasikia miguu yake badala ya nyundo."

Akaenda kwenye kengele, akaigonga, na sauti yake ikapanda juu ya sauti zote. "Wote bwenini! Kila mtu akae kitandani kwake. Sitaki kusikia mguu, sitaki kusikia kicheko. Mpaka nitakaposema!" Wasichana wakamiminika ndani wakilalamika kwa chini chini. Msichana wa mwisho akavuta mlango, mlango ukagoma, akauvuta kwa nguvu mara mbili ndipo ukafunga. Nililiona hilo. Sikulitia maanani.

Mwenzangu tunamwita Nyundo. Ni mtu wa mwili na mzaha, amepiga lile bamba kwa miaka mingi hadi jina lake la cheti limesahaulika ofisini, na hajawahi kulalamika. Alikuwa amepiga magoti akichomeka masikio katikati ya kiwanja, uso umejaa jasho.

"Bosi, misumari haiingii. Ijumaa nilidhani nimechoka, kumbe siyo mimi. Hapa pamepakwa poda."

Nikachutama. Ardhi yote ya shule hiyo ni nyeusi, ya kunata. Pale tulipokuwa ilikuwa nyekundu, yenye changarawe, imesawazishwa juu kama sakafu. Ijumaa nilikuwa nimeiona hiyo rangi, nikadhani ni njia ya zamani ya magari. Nikakwaruza kwa ukucha. Ilikuwa imeshindiliwa kwa mashine.

"Dada, nani ameshindilia hapa?"

Alirekebisha kilemba chake.

"Mimi," akasema. "Niliazima lile gurudumu la kushindilia la watu wa barabara. Kwani kuna ubaya? Mgeni anakuja nyumbani kwako, hufagii?"

"Dada!"

"Usinipigie kelele. Wataalamu wanakuja kupima, nikasema wapakute pazuri. Wanafunzi wangu siku ya mtihani wanaoga, wanachana nywele, wanavaa sare iliyopigwa pasi. Sijawahi kusikia mtu amekatwa alama kwa usafi."

Nyundo aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Mimi sikucheka. Hasira ilinipanda mpaka masikio yangu, haya ya kichwani, yakawa ya moto. Ijumaa nzima nilikuwa nimelipima gurudumu la watu wa barabara.

"Na kabla hujashindilia, palikuwaje?"

"Palikuwa pa kawaida."

"Pa kawaida vipi, Dada?"

"Palikuwa panabonyea kidogo. Kila mvua ikiisha panabonyea, namwaga kifusi. Mvua nyingine, kifusi kingine. Uwanja gani hauna kishimo?"

"Na kabla ya kifusi?"

Hapo alitazama pembeni. "Nilipoanza kufundisha hapa palikuwa na shimo. Walichimba udongo wa matofali ya shule. Watu wakatupa taka, likajaa, nyasi zikaota. Dogo tu. Usinikunjie uso, lilikuwa dogo."

Nikamwambia Nyundo apige.

Sijui kama mtu asiyefanya kazi hii anaweza kuelewa wasiwasi wa ule muda kati ya nyundo kutua na mistari kutokea. Ni mfupi kuliko pumzi, lakini moyo wangu unapata nafasi ya kudunda ndani yake. Nyundo akapiga, akapumzika, akapiga tena, na tena, ili mapigo yajumlishwe na kelele ndogo ndogo zifutike. Bwenini kulikuwa kimya kama maji mtungini. Dada alisimama nyuma yangu akiwa ameshika mikono yake mwenyewe.

Picha ikatokea. Juu, ule ukoko mwekundu: zaidi ya mita mia nne kwa sekunde, fahari ya gurudumu. Chini yake kasi ikaanguka mpaka tisini. Mita tisini kwa sekunde ni matope, ni taka zilizooza. Na shimo halikuwa dogo tu. Lilishuka chini kuliko msingi wowote ambao wafadhili walikuwa wameuchora.

"Soma," akasema Dada.

"Haifai."

"Soma vizuri."

"Dada, nimesoma. Ukiweka ghorofa tatu hapa zitakaa chini upande mmoja. Haifai."

Nilitegemea ataniangukia kwa maneno. Badala yake alifikiri, na nikamwona akifanya hesabu za mtu anayetafuta viti vya ziada kwenye mahafali. "Shimo lina mwisho," akasema. "Lazima lina ukingo. Tafuta ukingo ulipo, tusogeze jengo pembeni. Kule nyuma kuna ukuta wa jirani, hakusogei. Basi sogea huku, kuelekea bweni la zamani. Nafasi ipo."

Lilikuwa wazo la maana, na nililipenda kwa sababu lilikuwa na tumaini ndani yake. Tukang'oa masikio, tukasogeza mstari kuelekea bweni. Hapa ardhi ilikuwa nyeusi, misumari iliingia kama kwenye keki, na Nyundo akasema angalau hii haijaoga. Akapiga. Tisini na kitu. Tukasogea tena. Tisini na kitu. Ukoko ulikuwa umekwisha, lakini ule ulaini ulibaki ukitufuata kama deni.

"Bado?" akauliza Dada kila mara.

"Bado."

"Sogea."

Mara ya tatu sikutaka kusogea. Nilijisingizia kufuta skrini. Sikio la mwisho sasa lingekuwa chini kabisa ya ukuta wa bweni, na nilikuwa nimeanza kuuona ukuta wenyewe, ambao tangu asubuhi sikuwa nimeutazama vizuri. Nusu ya mbali ya bweni ilikuwa ya matofali ya kizamani, madogo na meusi. Nusu ya karibu na sisi iliongezwa baadaye, mtu yeyote angeona. Na pale nusu hizo mbili zinapokutana, kutoka kwenye dirisha mpaka chini, kulikuwa na mstari wa rangi mpya iliyopakwa juu ya plasta mpya, mpana kuliko mkono wangu. Katikati ya rangi hiyo mpya ufa mwembamba ulikuwa umeshaanza kutokea tena.

Nikautazama mlango. Ubavu wake ulikuwa umerandwa, mbao nyeupe ilionekana chini ya rangi. Ulikuwa umerandwa zaidi ya mara moja.

"Mlango huu una nini?"

"Mbao zimevimba kwa mvua," akasema Dada haraka mno.

Nyundo alikuwa ameshainua nyundo juu ya kichwa. Mkono wangu ulipanda wenyewe kumzuia. Nyundo ile haiwezi kuangusha ukuta, nalijua hilo kuliko mtu yeyote, nimefanya kazi pembeni ya majumba mabovu kuliko lile. Lakini nyuma ya ukuta huo kulikuwa na wasichana wa shule nzima wamekaa vitandani, wawili wawili, hawathubutu kushusha mguu sakafuni kwa sababu mimi nilikuwa nimeomba kimya. Nikashusha mkono. "Piga taratibu," nikasema, na Nyundo, ambaye ana mzaha kwa kila jambo, hakutania.

Picha ikatokea. Sikuhitaji kuisoma mara mbili.

"Inaishia wapi?" akauliza Dada.

Nikafuatisha mistari kwa kidole.

"Nakuuliza, inaishia wapi?"

"Haiishii huku, Dada. Inaingia chini ya bweni. Nusu ile iliyoongezwa imekalia shimo."

Kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Bweni hilo limesimama hapo kabla hujajua kufunga kamba za viatu."

"Najua."

"Utaniambia linaanguka leo?"

"Sitakuambia hivyo. Linaweza kukaa miaka. Linaweza lisimalize mvua hizi. Ufa umerudi juu ya rangi ambayo bado inanuka. Mlango unabana kwa sababu fremu inapinda, si kwa sababu ya mbao."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Sina hakika."

"Ijumaa ulikuwa na hakika."

Ilinichoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikataka kumjibu vibaya, kwamba Ijumaa nilidanganywa na kifusi chake, na neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nililirudisha. Sauti yake ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Nikiwatoa, watalala wapi? Bwaloni, chini? Kesho wazazi watakuja kuwachukua. Wiki ijayo idara ya elimu italifunga bweni. Wanaotoka mbali hawatarudi, nakwambia hawatarudi, nawajua mmoja mmoja. Wataolewa. Nilitaka kuondoka hapa nikiacha mabweni mawili, sasa hata moja sina. Nilikusomesha ili uje unifungie shule?"

Nyundo aliweka nyundo chini polepole, akaenda kusimama mbali, akawa anakunja waya ambao haukuhitaji kukunjwa. Mimi nilibaki na dada yangu, na nilikuwa nalia, nasema wazi, nikiwa na miwani ya kazi usoni na kompyuta mapajani. Nilimwogopa kama nilivyomwogopa nilipokuwa mdogo. Nililiogopa bweni zaidi.

"Wewe ndiye umewaweka humo leo," nikasema. "Nikakuomba kimya, ukawaweka humo. Kila nyundo ikitua, nawafikiria. Dada, nakuomba. Wagongee kengele."

Alisimama. Akautazama ufa wake aliouziba mwenyewe kwa rangi, maana sasa nilijua ni yeye mwenyewe, alikuwa na alama ya rangi ileile kwenye ukingo wa kiatu. Akainua mkono, akaweka kiganja juu ya ukuta kama anayempima mtoto homa. Kisha akaondoka, akiburuza mguu, mpaka kwenye kengele.

Aliigonga, lakini hakupiga kelele safari hii. Alisema kwa sauti ya darasani, "Kila mtu na godoro lake. Bwaloni. Hakuna kukimbia. Ndoo na masanduku yatafuata."

Mlango uligoma. Msichana wa ndani akausukuma, ukagoma, akausukuma tena, na mimi nilikuwa nimeshasimama Nyundo aliponipita mbio na kuuvuta kwa mikono miwili. Ukafunguka. Wakaanza kutoka, magodoro vichwani, wengine wakicheka kwa sababu ilikuwa kama mchezo, wengine wakiuliza kuna nini. Kompyuta yangu ilikuwa bado inasikiliza. Skrini nzima iliwaka kwa miguu yao, mistari yote ikipanda na kushuka, fujo tupu, kelele ambayo siku nyingine ningemfokea mtu kwa ajili yake. Niliitazama na sikutaka iishe mpaka wa mwisho awe ametoka.

Ikapungua. Ikabaki michache. Kisha mistari ikalala, isipokuwa ile ya masikio yaliyo karibu na ukuta.

Kulikuwa na mtu ndani bado. Hatua nzito, halafu hafifu yenye mburuzo, halafu nzito. Nikajua ni nani. Alitembea kidogo, akasimama. Akatembea, akasimama. Alikuwa anapita kitanda kwa kitanda, anainua mashuka kuangalia kama kuna mtoto mgonjwa aliyesinzia. Nilitaka kumwita, nikaogopa hata sauti yangu. Alipofika mwisho wa chumba, mistari ilitulia kwa muda mrefu, naye hakuwa ametoka. Ndipo hatua zikaanza kurudi, nzito, hafifu, nzito, upande wa mlango.

Akatoka. Akajaribu kuufunga mlango, ukagoma, akauacha wazi. Akaja akaketi chini kando yangu, juu ya ardhi yenyewe, na nguo zake za kazi.

"Ripoti yako," akasema. "Uandike na kifusi. Kwamba nilimwaga mimi, na gurudumu nililiazima mimi. Nisikute umeandika 'udongo wa kujazwa' kama vile umejijaza wenyewe."

"Dada, si lazima."

"Mtihani una jina la mtahiniwa. Andika."

Nikaitikia kwa kichwa. Nyundo alikuwa ameanza kung'oa masikio upande wa mbali, nami nikanyoosha mkono kuzima kompyuta. Dada akaushika mkono wangu.

"Usizime kwanza." Aliinama karibu na skrini, macho ameyakunja, maana miwani yake alikuwa ameiacha ofisini. Mistari yote ya karibu na bweni ilikuwa imelala, imenyooka kama iliyopigwa kwa rula. "Hivi ndivyo inavyokuwa kusipokuwa na mtu ndani?"

"Ndiyo, Dada."

Aliitazama muda mrefu. Kisha, bila kugeuka, akaniweka sawa kola ya shati.